Barua kwa mwanangu: Jua linachakaa, na ulimwengu je?

Mwanangu mpendwa,

Swali lako lilikuwa fupi, lakini ndani yake yamo matatu: ulimwengu utaishaje, wanaosema wamejuaje, na kama kila kitu kitaisha, haya tunayohangaikia yana maana gani. Nitayajibu yote. Naanzia Baghdad mwaka 1095, kwa sababu huko liliulizwa swali ambalo mpaka leo linawashughulisha wenye darubini.

Mwaka huo mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali alimaliza Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwajibu wanafalsafa katika masuala 20. La kwanza ni kama ulimwengu una mwanzo. La pili, kama una mwisho. Katika hilo la pili anaitaja hoja ya Galen, tabibu wa Kigiriki: lau jua lingekuwa kitu cha kuisha, lingeonekana likinyauka, watu wa falaki wamelipima kwa maelfu ya miaka na ukubwa wake ni ule ule, basi jua haliishi. Sehemu ya jibu la al-Ghazali inakwenda moja kwa moja kwenye kipimo. Wakati ule jua lilihesabiwa kuwa kubwa mara 170 hivi kuliko dunia, na hesabu yenyewe ilikuwa ya kukadiria. Likipungukiwa kiasi cha milima, nani atatambua? Yakuti nayo hupungua, lakini iweke miaka 100 na jicho halitaona tofauti.

Leo tunaweza kuyatia maneno hayo tarakimu. Jua hugeuza takriban tani milioni 4 za maada kuwa mwanga kila sekunde. Kwa mwaka ni zaidi ya tani trilioni 130. Lakini uzito wake wote ni kilo 2 zenye sifuri 30 nyuma yake, kwa hiyo yote lililopoteza kwa njia hiyo tangu kitabu kile kiandikwe hayafiki sehemu 1 kati ya bilioni 10. Hakuna chombo cha zama zile ambacho kingeliona hilo. Vipimo vya Galen havikuonyesha kupungua, na kweli havikuonyesha. Tatizo ni kwamba havikuwa na uwezo wa kuonyesha hata kama kupungua kupo. Ukisoma popote kwamba kitu fulani hakibadiliki, uliza kwanza kipimo kilichotumika kingeweza kuona badiliko dogo kiasi gani. Karibu kila nitakachokueleza humu kinasimama juu ya swali hilo.

Kuhusu Kiyama, najua limo moyoni mwako japo hukuliandika. Al-Ghazali hakudai kwamba akili inathibitisha mwisho wa ulimwengu. Alisema akili inaruhusu yote mawili, kubaki na kutoweka, na lipi litatokea hujulikana kwa wahyi. Fizikia inahesabu nini kitafuata ikiwa kanuni hizi zitaendelea kufanya kazi kama zilivyo, hayo tu. Usiilazimishe aya iwe fomula, wala fomula iwe aya. Wanaofanya hivyo hulazimika kurekebisha tafsiri yao kila data mpya inapotoka.

Hofu ya kisayansi kuhusu mwisho wa ulimwengu ilianza na injini za mvuke. Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alionyesha kwamba nishati ya kufanyia kazi hutawanyika daima. Mwaka 1854 Hermann von Helmholtz akalipeleka wazo hilo kwenye ulimwengu mzima: jotoridi litalingana kila mahali na hakuna kitakachoweza kutokea tena. Rudolf Clausius akakipa kipimo cha mtawanyiko huo jina la entropia mwaka 1865. Wengi hukosea hapa wakidhani nishati itakwisha. Haitakwisha. Mkaa wa jiko ukishakuwa majivu, joto lake bado limo chumbani, ila haliwezi tena kuchemsha sufuria ya maji. Kinachokwisha ni tofauti kati ya penye joto na penye baridi, na kazi yoyote, ya injini au ya chembe hai, inaishi kwa tofauti hiyo.

Hadithi za kubuni zilifuata papo hapo, na makosa yake yanafundisha. H. G. Wells, katika The Time Machine ya 1895, anampeleka msafiri wake zaidi ya miaka milioni 30 mbele, akute jua kubwa jekundu linalozimika juu ya ufuko wenye baridi. Kwa nini milioni 30 na si bilioni? Kwa sababu Kelvin alikuwa ameandika mwaka 1862 kwamba huenda jua halijawaka hata miaka milioni 100, na kwamba haliwezi kuendelea kwa mamilioni mengi zaidi. Alihesabu joto linalotokana na jua kujikunja kwa uzito wake, na kwa chanzo hicho hesabu yake ni nzuri. Nishati ya kiini cha atomu ilikuwa haijajulikana. Leo tunajua jua lina miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na bilioni 5 hivi kabla ya kuvimba liwe jitu jekundu. Bahari zetu hazitangoja hadi hapo: mwanga wa jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila miaka bilioni 1, na hilo linatosha kuzikausha mapema zaidi.

Tuje kwenye ulimwengu wenyewe. Alexander Friedmann alionyesha mwaka 1922 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu anga kutanuka au kusinyaa, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi zinazotukimbia. Kwa miaka karibu 70 baada ya hapo swali lilibaki moja: je, maada iliyopo inatosha kuuvuta ulimwengu urudi? Ikitosha, kila kitu kitaanguka pamoja. Isipotosha, utaendelea kutanuka huku ukipunguza kasi. Poul Anderson aliandika riwaya yake Tau Zero mwaka 1970 katika hali hiyo, na chombo chake kinauvuka mwanguko mkuu mpaka ulimwengu mwingine. Wakati ule lilikuwa wazo halali kabisa.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia, moja la Saul Perlmutter na jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, yalitafuta ni kwa kiasi gani mtanuko unapunguza kasi, yakakuta unaongeza. Elewa walivyofanya. Kuna aina ya supernova, yaani mlipuko wa nyota, iitwayo Ia, ambayo ni kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyomaliza kuwaka) kinacholipuka. Milipuko hiyo haina mwangaza sawa kabisa, lakini inayofifia polepole ndiyo angavu zaidi, kwa hiyo ukifuatilia kufifia kwake kwa wiki kadhaa unaweza kusahihisha na kujua mwangaza wake halisi. Linganisha na unaouona, unapata umbali. Pima mwanga wake ulivyosogea upande wa wekundu, unapata ni kiasi gani anga limetanuka tangu ulipotoka. Zile za mbali zilikuwa hafifu kuliko zilivyotarajiwa. Pingamizi la kwanza lilikuwa vumbi, nalo ni pingamizi la haki, maana vumbi pia hufifisha. Lakini vumbi la kawaida hubadilisha rangi ya nyota, na hilo linapimika. Tena supernova za mbali zaidi, za wakati maada bado ilikuwa ikiutawala mtanuko, hazikuendelea kufifia kwa namna ambayo vumbi lingedai. Watatu hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Kinachousukuma mtanuko tukakiita nishati giza. Ni kama asilimia 68 ya ulimwengu wote. Maada giza ni asilimia 27 hivi, na atomu zote, zikiwemo zako, ni asilimia 5. Usidhani ni kitu kizito: katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 3, nishati giza yote iliyomo ni sawa na maada ya protoni, chembe za kiini cha atomu, zisizofika 100. Inashinda kwa sababu sehemu kubwa ya anga ni tupu kuliko chumba chochote, na kwa sababu, kadiri tulivyoweza kupima, haipungui sana anga linapotanuka.

Hatima yote imebebwa na herufi moja, w, ambayo ni uwiano wa shinikizo la nishati hiyo na msongamano wake. Ikiwa w ni -1 daima, nishati giza haibadiliki na ulimwengu utatanuka bila kikomo, ukipoa. Ikiwa iko chini ya -1, msongamano unaongezeka na mtanuko utararua kila kitu. Robert Caldwell, Marc Kamionkowski na Nevin Weinberg walipiga hesabu hiyo mwaka 2003 kwa mfano wa w = -1.5: mwisho ungefika baada ya miaka kama bilioni 20. Galaksi yetu ingesambaratika miaka milioni 60 kabla ya mwisho, sayari zingeachana na jua miezi 3 kabla, na dunia ingepasuka dakika 30 kabla. Hadithi hii huvuma sana mitandaoni, lakini -1.5 ilichaguliwa kama mfano tu. Vipimo vya leo, mtu akichukulia w haibadiliki, vinakaa karibu sana na -1. Ikiwa w ni -1.01, mpasuko unasogea mbali mno, na hakuna chombo kinachoweza leo kuitofautisha na -1 kamili. Umemwona Galen hapo?

Kisha kuna uwezekano wa tatu: w inabadilika na wakati. Hapo ndipo penye habari sasa. Katika mlima wa Kitt Peak, Arizona, darubini yenye kioo cha mita 4 imefungiwa chombo kiitwacho DESI, chenye nyuzi 5,000 za kupitisha mwanga, kila moja ikielekezwa na roboti yake kwenye galaksi moja. Kinatafuta umbali fulani unaojirudia kati ya galaksi, karibu miaka ya nuru milioni 500, ambao ni alama ya mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga. Umbali huo ukipimwa katika zama mbalimbali unaonyesha mtanuko ulivyokwenda. Matokeo ya Machi 2025, ya galaksi na kwaza (viini angavu mno vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14, yakiunganishwa na vipimo vya mnururisho wa mwanzo, yaani mabaki ya mwanga wa ulimwengu mchanga, na vya supernova, yanaelekea kuonyesha nishati giza inadhoofika. Uzito wa ushahidi ni kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma hupima jinsi ilivyo vigumu matokeo kuwa ya bahati tu), kutegemea umechukua orodha ipi ya supernova. Desturi ni kutotangaza ugunduzi chini ya 5. Mimi nikiona jibu linapanda na kushuka kwa kubadilisha orodha moja, jicho langu linakwenda kwenye orodha, hasa supernova za karibu, zilizokusanywa na darubini nyingi tofauti. Kosa dogo la kulinganisha darubini mbili linaweza kujifanya fizikia mpya. Huenda pia ni fizikia mpya kweli, na ikiwa ndivyo, utabiri wa mtanuko wa milele unafunguliwa upya.

Tuchukulie kwa sasa kwamba w ni -1. Ratiba ndefu iliyonyooka zaidi ni ile ya Fred Adams na Greg Laughlin ya 1997. Baada ya miaka bilioni 100 hivi, galaksi zote zisizofungwa na mvutano wetu zitakuwa zimetoka upeoni. Lawrence Krauss na Robert Scherrer walionyesha mwaka 2007 matokeo yake yanayotisha: mtaalamu atakayezaliwa wakati huo ataona galaksi moja na giza. Mnururisho wa mwanzo, ambao leo una kelvin 2.7, yaani nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, utakuwa umenyooshwa hadi usipimike. Kwa data sahihi na hesabu sahihi atahitimisha kwamba ulimwengu ni galaksi hiyo moja, umetulia, hauna mwanzo.

Nyota ndogo nyekundu, kama Proxima Centauri iliyo miaka ya nuru 4.2 kutoka hapa, zitaendelea kuwaka kwa matrilioni ya miaka kwa sababu zinachoma haidrojeni yao polepole mno. Zikizimika nazo, baada ya miaka kama trilioni 100, vitabaki vibete vyeupe vilivyopoa, nyota za nyutroni, na mashimo meusi.

Hapo hesabu inategemea protoni. Je, inaoza? Huwezi kuikodolea protoni moja macho, kwa hiyo unakusanya nyingi. Super-Kamiokande, chini ya mlima huko Japani, kina tani 50,000 za maji ndani ya tangi lililozungukwa na vihisi mwanga. Tani 22,500 za katikati ndizo zilizotumika kwa muda mrefu kwa kipimo hiki, na zina protoni zipatazo 75 zenye sifuri 32. Lau umri wa protoni ungekuwa miaka 1 yenye sifuri 34, ungetarajia kama matukio matatu kila miaka minne. Protoni ikioza kwa njia inayotafutwa zaidi, itatoa chembe iitwayo positroni upande mmoja na nyingine iitwayo pioni upande wa pili, na pioni itageuka mara moja kuwa miale miwili ya gama: pete mbili au tatu za mwanga ukutani, jumla ya nishati ikilingana na maada ya protoni, na mwendo wa kulia ukifutana na wa kushoto. Kinachosumbua ni nyutrino, chembe nyepesi mno zinazozaliwa angani, ambazo hugonga maji na kuiga pete hizo. Ndiyo maana sharti la kufutana kwa mwendo ni kali. Vifaa navyo huumia: Novemba 2001, tangi likijazwa tena maji, kihisi kimoja kilipasuka kwa ndani, wimbi lake likapasua cha jirani, na vihisi zaidi ya 6,000 vikaangamia kwa mfululizo. Walipotengeneza upya, kila kihisi kilivikwa ganda la kukinga.

Mpaka sasa hakuna protoni iliyoonekana ikioza. Jibu linaloandikwa ni kwamba kwa njia ile, umri wake unazidi miaka 24 yenye sifuri 33. Angalia uandishi wake, mwanangu: unazidi. Hawasemi haiozi. Miaka 900 na ushei baada ya Baghdad, hilo ndilo jibu ambalo Galen alipaswa kutoa kuhusu jua.

Mashimo meusi yatadumu kuliko vyote, na hapa pwani yetu ina sehemu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilionyesha kwamba mionzi ya X ya Cygnus X-1 hubadilika haraka mno, ishara ya kitu kidogo sana kwa umbo, na kitu hicho kikawa shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi. Stephen Hawking alihesabu mwaka 1974 kwamba mashimo hayo hutoa mnururisho na kuyeyuka. Lenye uzito wa jua moja huchukua miaka 2 yenye sifuri 67. Muda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha uzito, kwa hiyo Cygnus X-1, yenye jua 21 hivi, itachukua mara 9,000 ya huo. Kwa sasa haijaanza hata kupungua: jotoridi lake ni kama sehemu 3 kati ya bilioni za kelvin moja, wakati anga lililolizunguka lina 2.7, kwa hiyo linapokea kuliko linavyotoa. Makubwa kabisa yatamalizika karibu na mwaka wa 1 yenye sifuri 100. Baada yake ni mwanga hafifu uliotawanyika.

Kuna njia nyingine ya mwisho isiyongoja: ombwe, yaani anga tupu lenyewe, kuporomoka hadi hali ya chini zaidi. Vipimo vya chembe ya Higgs, iliyopatikana mwaka 2012 katika maabara ya CERN, Ulaya, pamoja na uzito wa chembe nyingine, kwaki iitwayo topu, vinaonyesha huenda hali ya sasa ya ulimwengu si ya chini kabisa. Hesabu huweka tukio hilo mbali kuliko umri wa nyota zote, na ikitokea, itakuja kwa karibu kasi ya mwanga. Sina la kukuongezea hapo, kwa sababu hakuna onyo wala kinga.

Watu wamejaribu kuukwepa mwisho. Mwanafizikia Freeman Dyson mwaka 1979 alipendekeza viumbe wanaofikiri polepole zaidi kadiri ulimwengu unavyopoa, wakilala vipindi virefu, ili nishati yenye kikomo itoe mawazo yasiyo na kikomo. Hesabu yake inahitaji baridi iongezeke bila mwisho. Mtanuko unaoongeza kasi una sakafu ya jotoridi, ndogo mno lakini si sifuri, na hapo mpango unakwama. Isaac Asimov aliliuliza swali hilo hilo mwaka 1956 katika The Last Question: je, entropia inaweza kurudishwa nyuma? Wengine wamemtegemea mwanafalsafa Nietzsche na marejeo ya milele, wazo kwamba yote hujirudia bila mwisho, wakimwita mwanahisabati Henri Poincaré shahidi, kwa kuwa mwaka 1890 alithibitisha kwamba mfumo hurudi karibu na ulipoanzia. Wanasahau sharti lake, kwamba mfumo uwe umefungwa ndani ya mipaka. Anga linalotanuka bila kikomo halitimizi sharti hilo hivi hivi.

Na maana? Hoja inayonitosheleza ni ya mwanafalsafa Thomas Nagel, ya 1971. Mtu husema: hakuna tunachofanya leo kitakachokuwa na umuhimu baada ya miaka milioni. Nagel anajibu kwamba basi, kwa hoja hiyo hiyo, jambo la baada ya miaka milioni halina umuhimu leo, hata hilo la kwamba matendo yetu yatakuwa yamesahaulika. Mgonjwa anayetulizwa maumivu leo ametulizwa, na hesabu ya protoni haimrudishii maumivu yake.

Sasa shika kazi mwenyewe. Data za Pantheon+, orodha kubwa ya supernova za Ia, ziko wazi kwa yeyote: mikondo 1,701 ya mwanga (rekodi za kung'aa na kufifia) ya supernova 1,550. Pakua faili, chukua safu ya wekundu (zHD) na ya mwangaza uliosahihishwa (m_b_corr), uchore moja dhidi ya nyingine. Acha zote zenye wekundu chini ya 0.01, maana galaksi za karibu huvutana na mwendo wao wenyewe huchafua kipimo cha mtanuko. Kisha hesabu mistari miwili: mmoja wa ulimwengu wenye maada tupu, mwingine wenye maada 0.3 na nishati giza 0.7. Ilinganishe kwanza mistari hiyo kwenye wekundu mdogo, halafu tazama kwenye wekundu wa 0.5: itakuwa imeachana kwa magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) 0.4 hivi, na utaona nukta zimeufuata upi. Ukifika kwenye kutafuta w, usitumie makosa ya kila nukta peke yake. Pakia na matriki, yaani jedwali, ya makosa yanayoshirikiwa, ambayo huchapishwa pamoja na data. Supernova zilizopimwa na darubini moja hukosea pamoja, na ukiiacha matriki hiyo utapata jibu lenye uhakika ambao data haina. Nitumie mchoro ukishaupata, hata kama nukta hazijakaa sawa.

Babako